Gigondas, Vacqueyras na Beaumes-de-Venise: mivinyo mitatu myekundu ya mlima mmoja

Mwenye euro 25 mkononi na hamu ya mvinyo mwekundu wa Rhône ya kusini, huko Ufaransa, asikimbilie jina kubwa. Châteauneuf-du-Pape ya bei hiyo, kama itaonekana dukani, kwa kawaida ni mvinyo ulionunuliwa kwa jumla huku na huku, ukachanganywa na kutiwa chupani na mfanyabiashara. Sehemu kubwa ya fedha imelipia jina, na kilichobaki ndicho kilicholipia zabibu. Euro 25 hizohizo, kama kilomita 20 tu kuelekea kaskazini mashariki, zinanunua Gigondas ya mkulima anayetia chupani mwenyewe. Zinanunua Vacqueyras nzuri na chenji inabaki. Upande wa Beaumes-de-Venise zinakaribia kununua chupa mbili. Tathmini hii ni ya majirani hao watatu: wanafanana wapi, wanaachana wapi, na kila mmoja anunuliwe kwa shughuli gani.

Wote wameuzunguka mlima mmoja, Dentelles de Montmirail, katika jimbo la Vaucluse. Ni ukuta wa mawe ya chokaa ya enzi ya Jura, uliosukumwa juu hadi ukasimama karibu wima, na kilele chake kinapita kidogo mita 700. Gigondas imeshika upande wa magharibi na kaskazini magharibi. Vacqueyras iko kusini yake, sehemu kubwa kwenye uwanda wa chini unaoteremkia mto Ouvèze. Beaumes-de-Venise imechukua kona ya kusini, kisha ikapanda nyuma ya mlima hadi kijiji cha Suzette, kilichoko juu ya mita 400. Kwa gari, vijiji vyote vitatu unavipita kwa muda usiofika saa moja, na bado vinatoa mivinyo ambayo mnywaji mzoefu huitambua akiwa amefungwa macho.

Kisheria wamelelewa nyumba moja. Wote walianza ndani ya jina pana la Côtes du Rhône, wakapanda ngazi mmoja mmoja hadi kupewa AOC ya peke yao, yaani jina la eneo linalolindwa kisheria: Gigondas mwaka 1971, Vacqueyras 1990, Beaumes-de-Venise 2005. Mnunuzi aiweke kichwani miaka hiyo mitatu, maana bei za leo zinafuata zamu ya kupata jina kuliko zinavyofuata kilichomo chupani. Shambani kwa mkulima, Beaumes-de-Venise nyekundu mara nyingi huuzwa kati ya euro 11 na 16, Vacqueyras kati ya 14 na 22, Gigondas kati ya 18 na 32. Pengo hilo lina haki yake upande wa Gigondas. Upande wa Beaumes-de-Venise halina haki hata kidogo, na hapo ndipo penye faida kwa anayejua.

Zabibu kuu kwa wote ni grenache, na kanuni zinataka isipungue nusu ya mchanganyiko. Inayofuata ni syrah, halafu mourvèdre, na wachache huongeza cinsault au counoise. Kwa kuwa zabibu ni zilezile, tofauti yote inatokana na ardhi, mwinuko, upande shamba linakoelekea, na mkono wa mtengenezaji. Kabla ya kuonja ni vizuri kujua tabia za zabibu hizi tatu, kwani karibu kila sifa na kila kasoro utakayoikuta chupani inaanzia hapo.

Grenache hupenda jua na upepo na huvumilia ukame. Ila maua yake ni dhaifu: mvua au baridi ikija wakati wa kuchanua, mwishoni mwa Mei na mwanzo wa Juni, maua hupukutika bila kufunga tunda. Wafaransa huita hali hiyo coulure, na ndiyo iliyopunguza sana mavuno ya mwaka 2017. Ngozi yake ni nyembamba, rangi si nzito, sukari hupanda haraka mwishoni mwa kiangazi. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya juisi hugeuka asilimia 1 ya alkoholi, kwa hiyo mkulima akichelewa wiki moja tu kuvuna, mvinyo uliotakiwa uwe wa asilimia 14 unafika 15. Tena grenache huharibiwa upesi na hewa. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa huku hawaipendelei katika mapipa madogo mapya ya mwaloni, bali huilaza kwenye matangi ya saruji au mapipa makubwa ya zamani yanayobeba maelfu ya lita, ambamo hewa huingia kidogo sana.

Syrah ni kinyume chake. Ina rangi nzito, ina harufu ya pilipili manga na zeituni nyeusi, na inataka hewa. Ikinyimwa hewa hujifunga na kutoa harufu ya kiberiti. Joto la kusini huisumbua, kwa hiyo mkulima mwerevu huipanda kwenye miteremko inayotazama kaskazini au mashamba ya juu. Mourvèdre huiva mwisho, inataka joto jingi juu na maji kwenye mizizi, na kazi yake ni kuupa mvinyo mifupa: tanini ngumu (ule ukakasi wa ngozi za zabibu unaokaza mdomo), harufu ya ngozi na nyama, na kinga dhidi ya kuzeeka kabla ya wakati. Isipoiva vizuri huleta ukavu unaokwaruza ulimi, na hapo ni afadhali isingetiwa kabisa.

Sasa Gigondas. Eneo lina kama hekta 1,200, na mashamba yanaanzia kwenye mchanga na kokoto za chini na kupanda kwenye udongo wa mfinyanzi wenye chokaa hadi karibu mita 500. Hadi katikati ya karne iliyopita mizeituni ilishika sehemu kubwa ya ardhi hii; baridi kali ya Februari 1956 iliiua, na wakulima wakapanda mizabibu mahali pake. Jambo kubwa la Gigondas ni kivuli. Asubuhi mlima huzuia jua, mashamba ya juu hubaki na ubaridi wakati uwanda umeshaanza kuchemka, na usiku hewa baridi huteremka kutoka kwenye mawe. Zabibu huiva polepole, uvunaji wa mashamba ya juu huchelewa, na asidi haipotei. Matokeo yake ni mvinyo wenye nguvu mbili kwa pamoja: alkoholi ya juu, mara nyingi kati ya asilimia 14 na 15.5, na uchangamfu unaoubeba uzito huo usikae kama mzigo tumboni.

Gigondas changa, ya miaka mitatu au minne, ina harufu ya cheri nyeusi na plamu, na chini yake zaatari kavu, urukususu na jiwe lililoloa. Mdomoni inaanza kwa upana, halafu katikati tanini zinabana. Hapo ndipo wengi wanapoihukumu vibaya: wanaifungua mapema, wanaikuta imekaza, wanasema ni kavu. Ubanaji huo hulegea kuanzia mwaka wa sita. Chupa nzuri hufikia kilele kati ya mwaka wa 8 na wa 15, ambapo tunda hugeuka tini na plamu kavu, na hujitokeza ngozi, tumbaku na uyoga. Asiyeweza kusubiri asinunue Gigondas, au anunue ya mashamba ya chini yenye mchanga, ambayo hufunguka mapema.

Kwa wanaotaka kuuona mwinuko kwa ulimi, Domaine Les Pallières hutengeneza Gigondas mbili tofauti. Les Racines hutoka kwenye mizabibu ya zamani iliyo karibu na jengo la kutengenezea mvinyo, na Terrasse du Diable hutoka kwenye matuta ya juu zaidi. Ukizifungua za mwaka mmoja pamoja, ya kwanza ina nyama na tunda lililoiva, ya pili imenyooka, ina madini na tanini nyembamba. Château de Saint Cosme nao huuza mashamba yao mojamoja, Le Claux, Le Poste na Hominis Fides, lakini bei hupanda hadi kufikia ya Châteauneuf iliyo bora, na kwa matumizi ya nyumbani Gigondas yao ya kawaida inatosha sana. Anayetaka mtindo wa kale usio na madoido amtafute Domaine du Cayron au Raspail-Ay: mapipa makubwa, ladha ya mwaloni haipo, na uvumilivu unahitajika. Kuna pia Gigondas nyeupe, iliyoruhusiwa kuanzia mavuno ya 2023, ambayo msingi wake ni zabibu nyeupe iitwayo clairette. Bado ni changa mno kuitolea hukumu.

Vacqueyras ina kama hekta 1,400 katika vijiji viwili, Vacqueyras na Sarrians. Sehemu yake kubwa ni ngazi pana za kokoto na mchanga zilizoachwa na mto, zinazopigwa na jua tangu asubuhi. Hakuna kivuli cha mlima. Upepo wa mistral hupita bila kizuizi na kukausha ukungu, jambo linalorahisisha kilimo bila dawa nyingi. Mvinyo wake hufunguka mapema kuliko Gigondas na una tunda la wazi zaidi: stroberi iliyopikwa, rasiberi, pilipili manga nyeupe, na harufu ya vichaka vikavu vya Provence, rozimari na lavenda. Tanini ni za duara. Udhaifu wake umo humohumo: mwaka wa joto kali asidi hushuka, alkoholi hujitokeza, na mvinyo huisha mdomoni kwa moto badala ya ladha.

Hapa jina la mtengenezaji lina uzito kuliko popote pengine mlimani, kwa sababu ardhi tambarare humwachia mvivu nafasi ya kuvuna vingi. Le Sang des Cailloux ndio kipimo kwa wengi. Mvinyo wao wa kawaida hubeba kwa zamu majina ya mabinti watatu wa familia, Floureto, Doucinello na Azalaïs, kwa hiyo jina kwenye lebo likibadilika mwaka hadi mwaka mnunuzi asidhani ni mvinyo mwingine. Una nguvu ya Gigondas na furaha ya Vacqueyras, na huvumilia miaka 10 bila taabu. Montirius, walioko Sarrians, wanajulikana kwa kuukwepa mwaloni: mvinyo hulala kwenye saruji na unabaki na tunda safi. Domaine La Monardière na Clos des Cazaux hutoa Vacqueyras zenye syrah ya kutosha kuzipa kiuno.

Beaumes-de-Venise ndiyo iliyosahaulika, na sababu mojawapo ni mvinyo wake mwingine. Duniani kote jina hili linafahamika kwa Muscat de Beaumes-de-Venise, mvinyo mweupe mtamu wa kunywea vitindamlo. Anayeagiza asome lebo kwa makini: likiwepo neno Muscat, ni huo mtamu, yakiwepo maneno Beaumes-de-Venise peke yake, ni mwekundu mkavu. Wauzaji wa mtandaoni huvichanganya mara kwa mara, na hata picha huwekwa isiyo yake.

Ardhi ya Beaumes ni ya ajabu kuliko ya jirani zake wote. Mlima ulipoinuka ulivuta juu tabaka za chini kabisa, za enzi ya Trias, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 200, na leo udongo huo wa njano na rangi ya kutu uko juu ya ardhi kuzunguka Suzette. Wenyeji hugawa mashamba yao katika ardhi ya Trias, ardhi nyeupe na ardhi ya kijivu. Ya Trias, iliyo juu na yenye mfinyanzi unaoshika maji, ndiyo inayotoa mivinyo mizuri zaidi: rangi nzito, harufu ya maua ya zambarau na urukususu, tanini laini, na ubaridi unaotokana na mwinuko. Mlima huwakinga na mistral, lakini usiku wa juu huko ni baridi, na grenache hubaki na asidi hata mwaka wa ukame. La Ferme Saint-Martin, huko Suzette, na Domaine de Durban, wanaojulikana zaidi kwa Muscat yao, ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa euro 14 sioni mvinyo mwekundu wa Rhône ya kusini wenye haki zaidi kwa mnunuzi. Hauna urefu wa Gigondas. Ukifika mwaka wa 8 kwa kawaida umeshatoa ulichonacho. Lakini miaka hiyo minane yote unanyweka.

Na Châteauneuf-du-Pape? Kuuacha nje ya ulinganisho huu kungekuwa kumdanganya msomaji. Ni eneo kubwa, kama hekta 3,200, na kanuni zake ndizo zilizowafundisha Wafaransa wengine: Baron Le Roy aliziandaa mwaka 1923, na AOC ikaja 1936. Zabibu 13 zinaruhusiwa, kuvuna ni kwa mkono, na mafungu mabovu lazima yatupwe. Châteauneuf iliyo bora ina kina na utulivu ambao Gigondas huufikia mara chache, hasa ile ya mchanga, ambayo Château Rayas ndiyo mfano wake mkuu, au ile ya mawe makubwa ya mviringo ya uwanda wa La Crau, nyumbani kwa Vieux Télégraphe. Lakini ubora huo unaanzia euro 40, na kwa majina makubwa unapanda mbali. Chini ya euro 30, Gigondas inashinda karibu kila mara. Chupa nzito yenye nembo ya funguo na kofia ya papa isimdanganye mtu; nembo inasema mvinyo umetoka wapi, haisemi umetengenezwa vipi.

Rasteau na Cairanne, zilizoko kaskazini magharibi ya Dentelles, zinastahili sentensi mbili tu hapa. Rasteau, yenye AOC ya mvinyo mwekundu mkavu tangu 2010, inaelekea kusini, ni nzito na yenye joto, ya kuliwa na nyama ya kupikwa muda mrefu; Cairanne, ya mwaka 2016, ni nyepesi na nadhifu zaidi.

Lebo ina mengi ya kusema kwa anayejua pa kutazama. Maneno “mis en bouteille au domaine” au “au château” yana maana kwamba mvinyo umetiwa chupani huko huko ulikotengenezwa, na mkulima mwenyewe. “Mis en bouteille à la propriété” hutumiwa na wengi, vikiwemo vyama vya ushirika. Likitajwa jina la kampuni na msimbo wa posta wa mji ulio mbali na mashamba, huyo ni mfanyabiashara aliyenunua. Ushirika usidharauliwe: Rhonéa, ulioko upande huu wa mlima, una wakulima katika maeneo yote matatu, na chupa zake za mashamba ya juu ya Beaumes ni nafuu na safi.

Kuhusu miaka ya mavuno: 2016 ndio mwaka wa kutafuta kwa yeyote anayetaka kunywa sasa Gigondas iliyokomaa, una tunda na tanini vimekaa sawa. 2018 ukungu ulishambulia mashamba na ubora unatofautiana sana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. 2019 ni wa jua na nguvu; mashamba ya juu yalifaulu kuliko uwanda, kwa hiyo pendelea Gigondas na Beaumes. 2020 ni wa wastani mzuri, laini, wa kunywa mapema. 2021 baridi ya Aprili iliunguza machipukizi, mavuno yalipungua, na mivinyo ni myepesi yenye alkoholi ya chini. Wengine waliudharau, lakini Vacqueyras ya mwaka huo inapendeza na chakula kuliko ile ya miaka mikubwa. 2022 ni wa ukame. Chagua udongo wa mfinyanzi, epuka kokoto.

Anayetaka kulinganisha mwenyewe afanye hivi. Anunue chupa tatu za mwaka mmoja, na kama inawezekana za mtengenezaji mmoja, ili mkono usiingilie ardhi. Montirius na Clos des Cazaux hutengeneza Gigondas na Vacqueyras. Rhonéa wanazo zote tatu. Azifunike kwa karatasi, azitie namba, amimine kiasi cha mililita 60 katika glasi zinazofanana. Aanze na harufu kwa zote kabla ya kuonja hata moja. Kisha aonje, ateme, aangalie mahali tanini zinaposhika: Gigondas hushika fizi za mbele na pande za ulimi, Vacqueyras huteleza na kuacha joto kooni, Beaumes huacha mate yakitiririka kwa sababu ya asidi. Aziache saa mbili, aonje tena. Gigondas itakuwa imebadilika kuliko zote.

Joto la kunywea ndilo linaloharibu mvinyo huu mara nyingi kuliko kosa lolote la mtengenezaji, hasa kwetu. Msemo wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulizaliwa katika nyumba za Ulaya zenye nyuzijoto 16 au 17. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kina 28 hadi 30, na grenache ya asilimia 15 katika joto hilo hunuka spiriti na kuwa tamu ya kuchosha. Chupa iwekwe kwenye friji kama saa mbili, au kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji dakika 15. Barafu bila maji hupoza taratibu sana. Lengo ni 15 hadi 16 inapomiminwa, kwani glasi itapanda nyuzi mbili tatu mezani. Ikishuka chini ya 13, tanini za mourvèdre huwa chungu. Mimina kidogokidogo na urudishe chupa kwenye ubaridi.

Gigondas chini ya miaka mitano imiminwe kwenye jagi la kioo saa mbili kabla. Vacqueyras inatosha dakika 45. Beaumes fungua tu na unywe. Chupa iliyovuka miaka 12 isimamishwe wima siku moja kamili ili mashapo yatue, imiminwe polepole mbele ya mwanga, na vidole viwili vya mwisho viachwe chupani.

Yanayoharibika ni manne, na kuyatenganisha ni muhimu kabla ya kurudisha chupa dukani. Harufu ya kiberiti au yai viza katika mvinyo wenye syrah nyingi ni kukosa hewa: mimina glasi mbili, zungusha moja kwa dakika 20, na ikiisha hapo hakuna tatizo. Harufu ya kadibodi iliyoloa na tunda lililofifia ni kizibo kibovu. Hewa haisaidii, huzidisha, na una haki ya kurudishiwa fedha. Harufu ya zizi la farasi na plasta ya kidonda ni chachu iitwayo Brettanomyces, inayokaa kwenye mbao za mapipa ya zamani ambayo hayakusafishwa, na inayopenda mivinyo ya joto yenye asidi ndogo. Rhône ya kusini inaijua sana. Kidogo chake wengine hukipenda kwa kuwa kinafanana na ngozi. Kikizidi, mivinyo yote hunuka mamoja na ardhi haionekani tena, na mimi siko tayari kuulipia mvinyo wa namna hiyo. La nne ni joto la safari: kontena likikaa juani bandarini, kizibo husukumwa kikavuka mdomo wa chupa au mvinyo huvuja chini ya kifuniko na kuacha ute. Chupa kama hiyo usiinunue hata ikipunguzwa bei nusu. Ndani una zabibu zilizopikwa.

Mezani, mivinyo hii ilizaliwa kwa ajili ya kondoo, nguruwe mwitu na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole kwa zaatari na zeituni. Mbuzi wa kuchoma, aliyetiwa chumvi tu, anaiva na Gigondas bila mabishano, kwani chumvi na mafuta hulainisha tanini. Pilipili kali iwekwe mbali: alkoholi huzidisha moto wake, na mvinyo wenyewe hupotea. Kwa vyakula vya viungo visivyowasha, vyenye mdalasini, iliki na bizari, Beaumes ya miaka minne ndiyo yangu.

Inayobaki ifungwe kwa kizibo chake na irudishwe friji, siyo kabatini. Vacqueyras yenye grenache nyingi inywewe kesho yake, maana siku ya tatu tunda limeshaanza kuwa kama zabibu kavu. Gigondas changa yenye mourvèdre huvumilia siku tatu, na mara nyingi siku ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza. Itolewe kwenye friji dakika 20 kabla ya kumiminwa.